Kudai Haki ya Safari Si Utovu wa Nidhamu

Askari hufundishwa kuvumilia tangu siku ya kwanza aingiapo chuoni. Husimama juani bila kunung'unika, hula kinachopatikana, hulala panapowezekana, na aambiwapo asubiri, husubiri. Fundisho hilo ni jema, na pasipo hilo hakuna jeshi wala polisi. Lakini wapo ndugu zetu ambao hulichukua fundisho hilo hata mahali pasipo pake. Wakikwama usiku kucha katika kiwanja cha ndege cha ughaibuni, ndege yao ya kuvuka Bahari ya Atlantiki ikiwa imechelewa kwa muda wa saa saba au nane, huketi kimya juu ya mabegi yao kana kwamba aliyewachelewesha ni mkuu wa kikosi, na kwamba kumwuliza sababu ni kukaidi amri.

Shirika la ndege si mkuu wa kikosi. Ni mfanyabiashara aliyepokea fedha kwa ahadi ya kumfikisha mtu mahali fulani kwa saa fulani, na ahadi hiyo ina sheria zake. Twapenda leo kuzieleza sheria hizo kwa kifupi, maana mtu asiyezijua hupotea kwa njia mbili: ama huacha kilicho chake, ama hudai kisicho chake. Yote mawili hayamfai mtu aliyevaa sare.

Jambo hili lawahusu wasomaji wetu kuliko wanavyodhani. Kila mwaka maafisa na askari kutoka nchi za eneo letu hupelekwa masomoni Marekani. Wengine huitwa kwenye Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kwa shughuli za kulinda amani. Wengine waliostaafu huenda kuwatazama watoto wao waliohamia huko. Wengi wao hupitia Brussels, Amsterdam au London kabla ya kuvuka bahari. Kuchelewa kwa ndege si usumbufu mdogo kwa watu hao. Afisa aliyetakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi hufika Jumanne akiwa hana usingizi, somo la kwanza limempita, posho yake ilihesabiwa kwa siku kamili, na chumba alichokwisha kukilipia kimelala kitupu.

Sheria ijulikanayo zaidi katika jambo hili ni Kanuni Na. 261 ya Umoja wa Ulaya, iliyotungwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 17 Februari, 2005. Kwa safari zinazozidi kilomita 3,500, nazo karibu zote za kuvuka Atlantiki zimo humo, kanuni hiyo imeweka fidia ya euro 600 kwa kila msafiri. Lakini ilipotungwa, maneno yake yalitoa fidia kwa ndege iliyofutwa, si kwa iliyochelewa. Kwa ndege iliyochelewa, msafiri aliahidiwa chakula, malazi na simu. Mashirika yakaona upenyo hapo. Ndege iliweza kuchelewa siku nzima, nayo yakasema haikufutwa, imechelewa tu.

Upenyo huo ulizibwa na wasafiri wa kawaida waliokataa kunyamaza. Familia moja iliyokuwa ikirudi Frankfurt kutoka Toronto mwezi wa Julai, 2005, ilifika ikiwa imechelewa kwa muda wa saa 25 hivi. Wasafiri wengine waliotoka Mexico City kupitia Paris walichelewa kwa muda wa saa 22 hivi. Mashauri yao yalifika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 19 Novemba, 2009, ikaamua kwamba mtu aliyefika mwisho wa safari yake akiwa amechelewa kwa saa 3 au zaidi amepoteza muda sawasawa na yule ambaye ndege yake ilifutwa, na kwa hiyo astahili fidia ile ile. Mashirika yalipinga, na tarehe 23 Oktoba, 2012, Mahakama ikarudia neno lake. Ikiwa ucheleweshaji wa safari ndefu umezidi saa 3 lakini haukufika saa 4, shirika laweza kulipa nusu, yaani euro 300.

Hesabu ya saa hizo haianzi wala kuishia pale mashirika yapendapo. Kinachotazamwa ni kufika, si kuondoka. Mwaka 2013 Mahakama iliamua shauri la msafiri aliyetoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kwa kupitia Paris na São Paulo. Ndege yake ya kwanza ilichelewa kuondoka kwa muda wa saa 2 na nusu hivi tu, lakini kwa sababu hiyo alizikosa ndege nyingine na kufika akiwa amechelewa kwa saa 11. Mahakama ilisema ana haki yake. Na mwaka 2014 iliamuliwa kwamba ndege imefika pale mlango wake mmoja unapofunguliwa ili watu washuke, wala si pale magurudumu yanapogusa ardhi. Msafiri mwenye busara huitazama saa yake mlango unapofunguka.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kanuni hii ya Ulaya hailindi kila mtu apitaye Ulaya. Humlinda anayeondoka katika kiwanja cha ndege cha nchi ya Umoja huo, kwa ndege ya shirika lo lote. Na humlinda anayekwenda katika nchi ya Umoja huo kutoka nje, ikiwa ndege ni ya shirika la Umoja wenyewe. Kwa hiyo atokaye Brussels kwenda New York kwa ndege ya Kimarekani analindwa, na arudipo Brussels kwa ndege ya shirika lile lile la Kimarekani halindwi. Hilo peke yake latosha kuwachanganya watu. Lakini liko kubwa zaidi.

Tarehe 24 Februari, 2022, Mahakama hiyo iliamua shauri la msafiri aliyetoka Chișinău, mji mkuu wa Moldova, kwenda Bangkok kwa kupitia Vienna. Tiketi yake ilikuwa moja, na shirika lilikuwa la Austria. Mahakama ilisema kwamba tiketi moja ni safari moja. Safari hiyo ilianzia nje ya Umoja wa Ulaya na kuishia nje ya Umoja wa Ulaya. Kupita Vienna hakuifanyi kuwa ya Ulaya. Fidia hakuna. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Aprili, 2022, Mahakama ile ile iliamua shauri la wasafiri waliotoka Brussels kwenda San José, California, kwa kupitia Newark. Ndege iliyochelewa ilikuwa ile ya ndani ya Marekani, ya shirika la Kimarekani, na walifika wakiwa wamechelewa kwa dakika 223. Hapa Mahakama ilisema kanuni yawahusu, kwa sababu safari nzima kwa tiketi moja ilianzia Brussels.

Ndugu msomaji, maamuzi hayo mawili yatokana na shina moja. Lililompa haki mtu wa Brussels ndilo lililomnyima mtu wa Chișinău. Na mtu wa Entebbe, Kigali au Nairobi anayekwenda Marekani kwa tiketi moja kupitia Brussels au Amsterdam yu upande wa mtu wa Chișinău. Hata akilala Brussels usiku kucha, zile euro 600 si zake. Twalisema hili waziwazi kwa sababu wapo mawakala waahidio kumpatia fidia kila aliyechelewa, kisha hutaka sehemu yao. Mtu akiahidiwa hivyo, na aulize kwanza: safari yangu kwa tiketi hii imeanzia wapi, na imeishia wapi? Aliyeko masomoni Ubelgiji, akakata tiketi yake kutoka Brussels kwenda Washington, huyo haki yake ni kamili. Na aliyetoka London, Uingereza imeihifadhi kanuni hiyo baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Kiwango chake kwa safari ndefu ni pauni 520, na nusu yake ikiwa ucheleweshaji haukufika saa 4.

Je, aliyetoka kwetu amebaki mikono mitupu? La. Upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba, 2003. Marekani, nchi za Umoja wa Ulaya, Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi nyingi zilizojiunga nao. Mkataba huu hautoi kiasi maalumu kwa kila mtu. Husema kwamba shirika litalipa hasara iliyosababishwa na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyostahili kuizuia. Anayedai hapa hapati kitu kwa uchovu wake. Hupata kwa risiti zake. Chumba alicholipa, chakula alichonunua, tiketi ya treni iliyopotea bure, hayo ndiyo madai. Ukomo kwa kila msafiri, tangu tarehe 28 Desemba, 2024, ni vizio 6,303 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Shauri lazima lifunguliwe kabla ya miaka 2 kwisha. Na mzigo uliochelewa lazima ulalamikiwe kwa maandishi kabla ya siku 21 tangu kuupokea.

Ng'ambo ya pili ya bahari mambo hayafanani. Kanada ilitunga kanuni zake mwaka 2019: shirika kubwa likichelewesha msafiri kwa sababu iliyo katika uwezo wake, na isiyokuwa ya usalama, hulipa dola 400 za Kanada kwa saa 3 hadi 6, dola 700 kwa saa 6 hadi 9, na dola 1,000 kwa zaidi ya hapo, nayo madai yaletwe katika muda wa mwaka mmoja. Marekani yenyewe haina sheria ya kulipa fidia ya namna hiyo kwa kuchelewa. Sheria yake humrudishia nauli mtu aliyeamua kuacha safari baada ya ndege kuchelewa sana au kufutwa. Msafiri asiende New York na matumaini ya Toronto.

Kadhalika yafaa ikumbukwe kwamba shirika halilipi fidia ya Ulaya kwa jambo lisilo la kawaida ambalo lisingeweza kuliepuka. Majivu ya volkeno ya Iceland yaliyofunga anga ya Ulaya mwezi wa Aprili, 2010, ni mfano wake. Ndege iliyogongwa na ndege wa porini ni mfano mwingine. Mwaka 2020 Mahakama ilipata kuamua shauri lililohusu ndege iliyokuwa ikivuka Atlantiki kutoka Fortaleza, Brazil, kwenda Lisbon, ikalazimika kutua Las Palmas ili kumshusha abiria aliyemng'ata mwenziwe na kuwashambulia wahudumu. Ghasia kama hizo zaweza kuwa sababu ya kuliepushia shirika fidia, na wasomaji wetu wa polisi hawatashangaa. Lakini ubovu wa kawaida wa mitambo si udhuru. Hilo liliamuliwa tangu mwaka 2008. Mwenye ndege ndiye mwenye wajibu wa kuitengeneza, kama vile dereva wa gari la jeshi asivyoweza kumwambia mkuu wake kwamba tairi lilikuwa limekwisha.

Na hata pale fidia inapokosekana, matunzo hayakosekani. Kwa msafiri anayelindwa na kanuni ya Ulaya, safari ndefu ikichelewa kwa saa 4 au zaidi, shirika lampasa chakula na vinywaji kwa kadiri ya kungoja kwake, na hoteli pamoja na usafiri wa kwenda huko ikiwa atalala. Mahakama ilisema mwaka 2013 kwamba hata majivu ya volkeno hayaondoi wajibu huo.

Sasa twaja kwenye swali ambalo kambini ndilo huulizwa kwanza: tiketi ilinunuliwa na Serikali, fidia ni ya nani? Kanuni ya Ulaya humtaja msafiri, haimtaji mnunuzi. Aliyekesha ni yeye, na fidia ya muda uliopotea ni yake. Anayenyimwa ni yule aliyesafiri bure, au kwa nauli ya punguzo ambayo umma hauwezi kuipata; tiketi iliyolipiwa na Serikali kwa bei ya kawaida si tiketi ya bure. Lakini hasara iliyoingia katika mfuko wa Serikali ni jambo jingine, na hapo tuna mfano mzuri kutoka Lithuania. Idara ya Uchunguzi Maalumu ya nchi hiyo, ipambanayo na rushwa, iliwatuma watumishi wake wawili kutoka Vilnius kwenda Baku mwezi wa Januari, 2011. Walifika wakiwa wamechelewa kwa zaidi ya saa 14, na Idara ikalazimika kuwaongezea posho na kuwalipia michango ya bima. Hasara yote ilikuwa kama euro 338. Ni fedha ndogo kwa Serikali yo yote, lakini Idara haikuziacha. Ililidai shirika, na tarehe 17 Februari, 2016, Mahakama ikaamua kwamba Mkataba wa Montreal humlinda pia mwajiri aliyewakatia tiketi watumishi wake.

Maoni yetu ni kwamba vyombo vyetu vya ulinzi na usalama vijifunze kwa Idara hiyo. Ofisi inayokata tiketi za maafisa isione kazi yake imekwisha tiketi inapotoka. Posho iliyoongezwa kwa sababu ya uzembe wa shirika la ndege ni fedha ya mlipa kodi, na kuiacha ipotee ni uzembe wa pili. Kwa upande wake, askari aliyelipiwa chumba na Serikali asiidai gharama hiyo kama yake. Aliyelipwa fidia na aeleze kwa mkubwa wake kama taratibu za chombo chake zinavyotaka. Hakuna hasara moja inayolipwa mara mbili kwa halali.

Namna ya kudai haihitaji wakili kwa kuanzia. Yahitaji mambo ambayo askari amekwisha kuyafundishwa. Polisi ajua kwamba tukio lisiloandikwa katika kitabu cha kituo ni kama halikutokea. Basi na aandike: namba ya ndege, saa iliyopangwa, saa ya mlango kufunguliwa, na sababu aliyoelezwa, ikiwezekana kwa maandishi ya shirika lenyewe. Kanuni yenyewe yalilazimisha shirika kumpa msafiri aliyecheleweshwa kwa saa 2 au zaidi karatasi ya haki zake. Atunze tiketi, kipande cha kupandia ndege na kila risiti. Akiletewa hati ya kununulia tiketi nyingine badala ya fedha, asitie sahihi kabla ya kuisoma, maana fidia ya Ulaya hulipwa kwa fedha, ila msafiri mwenyewe akubali vinginevyo kwa sahihi yake. Kisha aliandikie shirika lililorusha ndege. Likikataa bila sababu, kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina chombo cha kusikiliza malalamiko hayo, na nyuma ya chombo hicho kuna mahakama. Muda wa kudai hutegemea nchi: Uingereza, kwa mahakama za England, ni miaka 6, Ujerumani ni miaka 3.

Twaongeza tahadhari moja. Viwango vya Ulaya tulivyovitaja ni vya kanuni ya 2004, na mwezi wa Juni, 2025, mawaziri wa usafiri wa Umoja huo walikubaliana kupendekeza kwamba kwa safari ndefu fidia ianzie saa 6, nayo iwe euro 500. Kwa hiyo kila msafiri na ahakikishe sheria ilivyo siku ya safari yake.

Watasema baadhi kwamba mambo haya yanamfundisha askari kupenda fedha. Sisi hatuoni hivyo. Mtu apendaye fedha hudai bila kujali kama ana haki. Tunayemtaka ni yule ambaye akijua kwamba safari yake ya kutoka Entebbe haimo katika kanuni ya Ulaya, hanyoshi mkono, na akijua kwamba risiti yake ya hoteli imo katika Mkataba wa Montreal, hanyamazi. Askari ambaye kazi yake ni kuwalinda wananchi katika haki zao hana budi kuizoea lugha ya haki, naye ataizoeaje ikiwa yake mwenyewe huiacha mezani kwa kuona haya?

Twapendekeza basi kwamba kila ofisi ya safari katika vyombo vyetu iandike karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja tu, yenye mambo haya, na kumkabidhi kila aendaye ng'ambo pamoja na tiketi yake. Gharama yake ni ndogo kuliko kikombe kimoja cha chai katika kiwanja cha ndege cha Brussels.